Mali Kauli: Wahindi wa Iringa na Mafungamano ya Nchi Mbili

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twapenda kuzungumza habari za nchi mbili, Bara Hindi na hii yetu, na jinsi zilivyofungamana kwa kazi ya watu waliovuka bahari wakaja kukaa kwetu. Kwa desturi mazungumzo ya namna hii huanzia Ikulu, kwa mabalozi na mikataba. Sisi tutaanzia Mlandege.

Mlandege ni mtaa wa mji wa Iringa. Mtu akitoka hapo kwa miguu hakawii kufika kwenye barabara za maduka ya zamani, na katikati yake husimama jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa, ambayo wageni waingiao mjini huonyeshwa kwanza. Watu wa mitaani na watu wa maduka yale wameonana kila siku tangu zamani za babu zetu: huyu akileta mahindi, nta na ngozi, yule akipima, yule akikata nguo, huyu akilipa. Kati yao palikuwa na meza ya duka, na nyuma ya meza palikuwa na daftari. Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi sisi twataka kulifuata daftari lile, kwani ndilo lililokwenda toka Iringa mpaka Dar es Salaam, toka Dar es Salaam mpaka Unguja, na toka Unguja mpaka Bombay, mji ambao sasa huitwa Mumbai.

Mafungamano haya ni ya kale kuliko serikali zote tunazozikumbuka. Kila mwaka pepo za kaskazi zilileta majahazi toka Kutch, Kathiawar na Gujarat, nazo pepo za kusi ziliyarudisha. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alipewa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi, na wanahistoria wengi wa leo huona kuwa rubani yule alikuwa Mgujarati. Maana njia ile Wahindi na watu wa pwani yetu walikwisha kuizoea, na Mreno alionyeshwa tu. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipouweka ufalme wake Unguja, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch, ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Mwarabu au Mswahili aliyetaka kwenda bara kutafuta pembe alikwenda kwanza kwa Mhindi kukopa nguo, shanga na nyaya za shaba. Pembe ikirudi pwani, deni hulipwa, na faida hugawanywa. Katika biashara ile kulikuwako pia biashara ya watumwa, na fedha ya mkopo haikuchagua. Hatuna haki ya kuificha habari hii kwa kuwa leo twasifu mafungamano.

Miongoni mwa matajiri wa wakati ule twapenda kumtaja mmoja, naye ni Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa kutayarisha misafara: wapagazi, nguo, vyakula, na kila kitu ambacho msafiri wa bara alikihitaji. Alipata mali nyingi, na mali ile hakuirudisha yote Bara Hindi. Alitoa jumba la Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe humo. Akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu wasio Wazungu. Alikufa mwaka wa 1897, naye hakuwa mzee. Hata leo, ukipeleka mgonjwa Muhimbili, utasikia watu wakisema amelazwa Sewa Haji, na wengi wasemao hivyo hawajui kuwa wanataja jina la mtu. Twaona sharti lile la shule ni jambo kubwa, kwa kuwa baada yake nchi hii ilikaa zaidi ya miaka sitini ikitenganisha watoto shuleni kwa rangi zao, mpaka mwanzo wa mwaka wa 1962.

Sasa tupande bara. Kabla ya Wajerumani, nguo zilizofika Uhehe zilikuwa hasa kaniki za Bara Hindi na marekani iliyotoka Marekani, kama jina lake lisemavyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka wa 1861 mpaka 1865, vilipoharibu biashara ya pamba, viwanda vya Bombay vilipata nafasi, na baadaye nguo yao ikaishinda ile ya Marekani katika masoko ya Unguja. Lakini jina halikubadilika; watu waliendelea kuiita marekani hata ikitoka Bombay. Chifu Mkwawa mwenyewe alikuwa na pembe, na pembe ilifuata njia ileile ya misafara. Kalenga, boma lake, lilivunjwa na Wajerumani mwaka wa 1894, na mwaka wa 1896 Tom von Prince akaanza kujenga mji mpya mahali palipo Iringa ya sasa. Mkwawa alikufa mwaka wa 1898, naye hakukubali kukamatwa.

Nyuma ya askari walifuata wachuuzi. Kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani katika miaka ileile, ilitakiwa ilipwe kwa fedha, nayo fedha ya Wajerumani ilikuwa rupia. Hebu tafakarini: Mhehe wa kijijini, ambaye hajaiona bahari, alitakiwa alipe kodi kwa mfalme wa Ujerumani kwa sarafu yenye jina la Kihindi, na mtu aliyekuwa karibu mwenye sarafu hizo za kununulia nta yake na ngozi zake alikuwa mwenye duka. Rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka Wajerumani walipoigawa kuwa heller 100 mwaka wa 1904. Na Waingereza walipoishika nchi, rupia haikuondoka mara moja. Shilingi iliingia mwaka wa 1921 tu. Kwa hiyo babu zetu walijifunza kuhesabu fedha kwa hesabu ya Bara Hindi kabla hawajajifunza ya Uingereza.

Je, huyu mwenye duka alifikaje? Hapa ndipo yalipo maneno ya kichwa cha habari yetu. Kijana wa Kigujarati mara nyingi alifika pwani akiwa hana kitu, ila jina la ndugu. Ndugu alimweka dukani mwake miaka kadha, akila, akilala nyuma ya duka, akipata ujira mdogo, akijifunza Kiswahili na bei za vitu. Alipokwisha kujua kazi, tajiri wa Dar es Salaam au wa Iringa alimpa bidhaa bila fedha mkononi: majora ya nguo, chumvi, sukari, mafuta ya taa, viberiti, sabuni, majembe, sindano. Akaambiwa, nenda kafungue duka mahali fulani, ulipe utakapouza. Hii ndiyo mali kauli, yaani mali itolewayo kwa neno la mtu. Dhamana haikuwa karatasi ya mahakama, bali jina. Tajiri naye alikuwa amekopa kwa tajiri mkubwa zaidi, na yule kwa nyumba ya Unguja au Bombay. Kijana akidanganya huko porini, habari zitafika kwa mjomba wake Kutch kabla ya masika mengine, na nyumba yote itaaibika. Hatakopeshwa, na pengine hata mke wa kumwoa hatampata kwa urahisi.

Tunapenda msomaji aone nguvu ya jambo hili. Serikali za wakati ule zilijenga reli: ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Dodoma mwaka wa 1910, Kigoma mwaka wa 1914. Lakini reli haikupita Iringa. Toka Dodoma mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 250, zilizokwendwa kwanza kwa vichwa vya wapagazi, na baadaye kwa malori katika vumbi la kiangazi na matope ya masika. Mali kauli ilipita mahali ambapo reli haikupita. Hakuna benki ambayo ingalimkopesha kijana asiye na nyumba wala shamba akafungue duka la mabati pembeni mwa njia ya Uhehe. Neno la mjomba lilimkopesha.

Mji wa Mbeya ulianza mwaka wa 1927, wakati habari za dhahabu ya Lupa zilipokuwa zimevuta watu wengi upande ule. Wachimbaji walikuja kwa dhahabu. Wenye maduka walikuja kwa wachimbaji, na wako walioondoka na akiba kubwa kuliko waliochimba. Mtaa wa Uhindini wa Mbeya umebaki na jina lake hata leo, ingawa wakaao humo sasa ni watu wa kila namna. Tena, tusidhani kuwa Wahindi wote walikuwa kabila moja na kazi moja. Walikuwako Waismailia, Waithnaasheri na Mabohora, ambao ni Waislamu, walikuwako Mabanyani, walikuwako Makalasinga, mafundi hodari wa seremala, uashi na magari, walikuwako Wagoa, Wakristo, ambao wengi walikuwa makarani na washona nguo. Baina yao wenyewe walitengana sana, katika ndoa na katika chakula, na mtu wa kijijini aliyewaita wote kwa jina moja hakujua kuwa mwenye duka huyu pengine hanywi maji nyumbani kwa yule wa pili.

Na kule Usangu, karibu na Rujewa, wako Mabaluchi. Hao si Wahindi hasa. Asili yao ni Baluchistani, nchi iliyogawanyika leo kati ya Iran na Pakistani, na sehemu yake wakati ule ilikuwa chini ya serikali ya Waingereza wa Bara Hindi. Tunawataja kwa sababu kazi yao yafanana na ile tunayoieleza, ila wao waliifanya shambani. Ndio waliokuwa wa kwanza kuchimba mifereji ya kutoa maji mitoni na kuyapeleka katika majaruba ya mpunga wa Usangu. Wasangu na wengine walijifunza, bonde likawa la mpunga, na leo mchele wa Mbeya husifiwa hata Dar es Salaam. Mfereji huonekana na kila mtu, na jirani aweza kuuiga bila kuomba ruhusa. Daftari halikuwa hivyo, kama tutakavyoona.

Kwanza tutazame maneno, kwa maana ninyi wanafunzi mwapenda kujua asili ya maneno. Duka ni neno lililotoka Bara Hindi. Kadhalika gari, gunia, laki, hundi, bima, cheti, dobi, pesa, na korija, ambayo ni hesabu ya vitu ishirini. Chapati nayo, bila shaka, na hakuna kijiji cha Uhehe kisichoijua. Neno bepari nalo asili yake ni mfanyabiashara tu, bila tusi lolote; tusi tuliliongeza wenyewe siku za Azimio la Arusha. Ukiyatazama maneno haya utaona karibu yote ni ya kuuza, kununua, kubeba na kuandika. Wahindi walikaa nasi miaka mingi, lakini maneno ya Kihindi ya ndugu, ya ndoa, ya mazishi na ya urafiki ni machache mno katika lugha yetu. Lugha hushuhudia watu walikutana wapi. Walikutana mezani pa duka, basi.

Mwaka wa 1923 yalitokea mambo mawili juu ya daftari, na yote mawili yafaa kukumbukwa. La kwanza, Serikali ya Kiingereza ilitaka kutoza kodi ya faida, na ikaamuru vitabu vya hesabu viandikwe kwa lugha ambazo wakaguzi wangeweza kuzisoma, Kiswahili ikiwa mojawapo. Wenye maduka wengi waliandika kwa Kigujarati na hawakujua kuandika hesabu kwa namna nyingine. Wakaona hila ya kuwafukuza sokoni. Wakafunga maduka yao nchi nzima kwa siku nyingi, kwa desturi ile ya Bara Hindi waiitayo hartal. Watu wa vijijini walikosa chumvi na nguo kwa ugomvi ambao haukuwa wao. Lakini pia waliona jambo jipya, nalo ni kwamba watu wasio na silaha waweza kuisumbua Serikali kwa kufunga milango tu. Kodi ile haikudumu. Iliondolewa miaka michache baadaye.

La pili lilikuwa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika asinaswe na madeni. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya Bwana Shauri, deni lile haliwezi kudaiwa mahakamani. Kwa kusikia tu, sheria yapendeza. Lakini tazameni matokeo yake. Mnyororo wa mali kauli, uliotoka Bombay ukavuka bahari, ukapita Unguja na Dar es Salaam, ukapanda milima mpaka Iringa, ulikoma ghafula mezani pa duka. Kijana wa Kigujarati aliyefika juzi aliweza kupewa bidhaa za shilingi elfu kwa neno lake. Kijana wa Mlandege aliyezaliwa hapo, ajuaye kila njia na kila mnunuzi, alitakiwa aje na fedha taslimu. Na mtu atapata wapi fedha taslimu za kuanzia duka, ikiwa mshahara wake ni wa tarishi au wa mpishi?

Wengine wameitupia sheria lawama yote. Sisi hatukubali. Mali kauli, kwa asili yake, haikutegemea mahakama. Aliyetaka kumwamini Mwafrika angaliweza, kama alivyomwamini mpwa wake, na wako waliofanya hivyo kwa siri ya mioyo yao. Lakini wengi hawakufanya, kwa kuwa dhamana yao ilikuwa ukoo na jamaa, na Mwafrika hakuwa na mjomba Kutch. Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Mhindi alileta nchini elimu kubwa ya kuaminiana kwa biashara, akaitumia mbele ya macho yetu kwa miaka mingi, lakini sisi tuliiona kama mtu aonavyo karamu dirishani. Tena palikuwa na mizani. Katika kila kijiji yasimuliwa habari ya mizani yenye kidole chini yake. Nyingi ni za kweli, nyingine ni za chumvi. Lakini hata zile za chumvi zaonyesha kuwa watu hawakuaminiana, na daftari lililoandikwa kwa herufi ambazo mdaiwa hawezi kuzisoma haliwezi kuondoa shaka.

Mafungamano na Bara Hindi yaweza pia kuvuta upande mwingine. Mwaka wa 1937 Serikali ya Unguja iliweka sheria ya kuipa jumuiya ya wakulima wa karafuu mamlaka ya kununua karafuu zote, na Wahindi wafanyao biashara hiyo wakaona wamenyang'anywa. Wakapeleka kilio chao kwao. Chama cha Congress cha Bara Hindi kikawaambia watu wake wasinunue karafuu za Unguja, na Bara Hindi ilikuwa mnunuzi mkubwa sana. Karafuu zikalala ghalani, mpaka mapatano yalipofanywa mwaka wa 1938. Basi wakulima wa Pemba, ambao hawakuulizwa neno, walijua kuwa bei ya mti wao huamuliwa pia jikoni mwa watu wa ng'ambo.

Miaka kumi baadaye, sauti ya Bara Hindi ilikuwa imebadilika. Ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, na mwaka uliofuata ilimtuma Apa Pant awe mwakilishi wake wa kwanza katika Afrika ya Mashariki, akikaa Nairobi. Nehru aliwashauri Wahindi wa ng'ambo mara nyingi kwamba haki ya Waafrika katika nchi yao ndiyo ya kwanza, na wasiiombee serikali ya Bara Hindi iwapiganie dhidi yao. Serikali yake ikatoa nafasi za masomo kwa vijana Waafrika. Si wenye maduka wote waliopendezwa na shauri lile. Wakati huo Wahindi wa Tanganyika walikuwa wamepita 40,000, wengi wamezaliwa huku, na wengine walidhani kuwa Bara Hindi imewasahau. Twaona haikuwasahau; iliwaambia jambo ambalo mzazi humwambia mtoto aliyeoa mbali.

Wako waliosikia. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka wa 1922, alisoma Calcutta siku ambazo Wahindi walikuwa wakidai uhuru wao, akarudi akiwa na fikira zile, akasimama pamoja na Julius Nyerere, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika wa Baraza wakati Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1958 mpaka 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, TANU iliwapata Waasia wa kuwaunga mkono, na sheria iliyotungwa kuwatenganisha watu ikatumiwa kuwaunganisha. Jambo hili tulisimuliapo kwa wanafunzi, hucheka kwa furaha, na ni haki yao.

Lakini duka lilibaki duka. Uhuru ulipokuja, biashara nyingi ya miji ya Iringa na Mbeya ilikuwa bado mikononi mwa wachache, na mashaka ya miaka arobaini hayafutwi kwa bendera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma. Mwaka wa 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa wenye majumba hayo walikuwa Wahindi, na nyumba ya ghorofa kwao ilikuwa ndiyo akiba ya maisha, kama ng'ombe kwa Msangu. Maelfu waliondoka katika miaka iliyofuata, wakaenda Uingereza, Kanada, na wengine Bara Hindi ambako hawakuwahi kukaa. Biashara ya jumla ikapewa makampuni ya mikoa. Mwaka wa 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na maduka ya ushirika yachukue nafasi yao.

Hatutaki kuyadharau makusudi ya miaka ile, kwani yalitoka katika dhuluma iliyokuwa ya kweli. Ila duka halikuwa rafu na bidhaa tu. Lilikuwa pia mtu ajuaye lini mahindi yatakomaa Ismani, nani ataweza kulipa baada ya mavuno, na kwa nani Dar es Salaam aweza kupata majembe kabla ya mvua. Mambo hayo hayakuandikwa popote, hata katika daftari, nayo hayakuweza kutwaliwa kwa sheria. Yaliondoka na wenyewe. Watu wa vijijini walipanga foleni kwa sabuni na chumvi, na wengine kwa mara ya kwanza walisikika wakimtaja mwenye duka wa zamani bila hasira. Biashara ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980, wengi waliofungua maduka ya Mlandege na mitaa mingine walikuwa Waafrika, na Wahindi waliobaki walikuwa wachache, baadhi yao wakiwa kizazi cha tatu na cha nne cha Iringa.

Na Bara Hindi je? Haikuondoka pamoja na waliokwenda. Mwaka wa 1995 Serikali yake ilianzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, na mtu wa kwanza kupewa alikuwa Mwalimu Nyerere, yuleyule ambaye serikali yake ilitwaa majumba. Jambo hili laonyesha kuwa mafungamano ya mataifa huweza kuzidi hesabu za nyumba. Wagonjwa wetu wa moyo na wa figo wamepelekwa Chennai na miji mingine ya huko kwa miaka mingi. Mwaka wa 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alikuja Dar es Salaam. Mwaka wa 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda New Delhi. Na mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Madras, ambacho ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya Bara Hindi, kilifungua tawi lake Unguja. Wafanyabiashara wa Kiafrika sasa hupanda ndege wenyewe kwenda Mumbai kununua madawa, mashine na nguo, bila kupitia meza ya mtu.

Mkulima bado yumo katika hesabu hii. Watu wa kusini hawajasahau mwaka wa 2017, Bara Hindi ilipopunguza mbaazi za kuingia kwake, na bei yake huku ikaanguka hata wengine wakaziacha shambani. Ilikuwa kama habari ya karafuu za mwaka wa 1937, ila safari hii hapakuwa na Mhindi wa dukani wa kulaumiwa. Na katika mwaka wa 2023 benki kuu ya Bara Hindi iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 18 ambazo benki zake zimeruhusiwa kufungua hesabu za rupia, ili watu wa nchi mbili waweze kulipana kwa fedha zao wenyewe, pasipo kununua kwanza dola za Marekani. Rupia, iliyoondoka mifukoni mwa Wahehe miaka mia moja iliyopita, imerudi kwa njia ya benki, na safari hii mtu wa Iringa mwenye mzigo wa kuuza aweza kuingia katika hesabu ile kwa jina lake mwenyewe.